Uchaguzi umepita ila kifua bado kimejaa: namna ya kukaa na ndugu, jirani na chama chako huku Kigoma

Hii ni kwa mtu wa huku kwetu, awe wa Ujiji, Mwanga, Gungu, Kasulu au kule Kakonko, ambaye toka 29 Oktoba 2025 ana kitu kifuani hakijashuka. Chama chako kilishinda, au kilishindwa, au hukukiona kabisa kwenye karatasi ya kura ukaamua kubaki nyumbani, wote mnahusika humu. Nawaona mtaani. Wengine sauti zimepanda, wengine wamenyamaza kabisa, mtu anapita kwa jirani yake wa miaka yote hasalimii, na mi huu ukimya unanitisha kuliko kelele. Maneno ya tudumishe amani tushayasikia kwenye spika za magari mpaka hayaingii tena, kwahiyo humu naandika vitu vya kufanya kabisa, nyumbani, kijiweni, kwenye simu na ofisi ya mtendaji.

Kwanza jua unaumwa na nini

Hasira za uchaguzi ukiwa nazo ndani zinafanana zote, ila dawa zake mbalimbali, na ukikosea dawa unazidisha ugonjwa. Kwahiyo kabla hujamjibu mtu chochote kaa pembeni ujiulize hii yangu ni ipi.

Kuna ile ya kushindwa tu. Ulimpenda mgombea wako, ulivaa fulana yake, ulitembea nae kwa miguu kwenye kampeni vumbi lote likaishia kwako, kura zikahesabiwa akakosa. Inauma na hakuna ubaya wowote kuumia, mtu asikucheke. Hii inashuka yenyewe ukiipa muda na ukiacha kurudia kusikiliza hotuba za kampeni usiku kwenye simu.

Kuna ile ya kuona haki haikutendeka. CHADEMA hawakuwepo kwenye karatasi, Tume ya uchaguzi ilisema ni kwa sababu hawakusaini kanuni za maadili ya uchaguzi mwezi Aprili, mwenyekiti wao Tundu Lissu alikuwa ndani kwa kesi ya uhaini, mgombea urais wa ACT-Wazalendo Luhaga Mpina nae akaenguliwa, halafu Rais Samia akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Wapo wanaosema hiyo ni imani ya wananchi na wapo wanaosema hapakuwa na mashindano, na waangalizi wa SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na wale wa Umoja wa Afrika walitoa taarifa za kuukosoa. Kama we uko kundi la pili usikubali mtu akuambie sahau yaishe. Kuambiwa usahau kunaizika tu ndani, inakaa huko inaoza, halafu inakuja kumtokea mkeo au mtoto wako ambaye hana kosa. Hasira ya namna hii inataka mlango wa kutokea na huko chini nitasema milango iliyopo, hata ile myembamba.

Na kuna watu ambao hata hawana hasira ya chama, wana msiba. Siku ya kura na siku zilizofuata kulikuwa na maandamano na vurugu kwenye miji kadhaa, watu walikufa, intaneti ikazimwa nchi nzima siku kadhaa, familia za huku zenye watoto Dar au Mwanza zikakaa hazijui mtoto yuko wapi mpaka mtandao uliporudi. Serikali iliunda tume ya kuchunguza Novemba 2025, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Sasa ukiwa na jirani ambaye ndugu yake alipotea au alifariki kipindi kile, huyo usimwendee na hoja. Nenda ukae nae mkekani. Usimuulize marehemu alikuwa anafanya nini barabarani, usimwambie nani alaumiwe, hata kama una uhakika kabisa kichwani mwako. Mpe pole, saidia maji, saidia kuni, ondoka, rudi tena wiki inayofuata wakati wengine washaacha kuja. Hili nalisema kwa uzito kuliko yote humu, maana nimesikia watu wanabishania takwimu mbele ya mama aliyefiwa na roho inaniuma mpaka leo.

Mshindi nae ana lake. Chama chako kimeshinda, unataka kufurahi, unaona mtaa mzima umenuna, unaanza kuwachukia kwa kununa kwao. Nakuja kwako, subiri.

Kaa na karatasi uandike nani kahama na nani kabaki

Hili zoezi linafaa sana watu wa mkoa huu, sijui kama kuna mkoa mwingine Tanzania wenye historia kama yetu. Chukua daftari la mtoto, chora mstari katikati. Upande mmoja andika majina ya watu ambao hamsemeshani vizuri kwa sababu ya chama, toka 2010 huko mpaka leo. Shemeji, fundi aliyekujengea, rafiki wa madrasa, jirani mliokuwa mnaazimana sufuria za shughuli. Andika wote usifiche, daftari ni lako.

Upande wa pili andika wale viongozi mliowagombania, na kila mmoja alikuwa chama gani mwaka gani. Nakusaidia kuanza. Dokta Aman Walid Kabourou, Mungu amrehemu, aliwatoa watu jasho hapa mjini kwa CHADEMA, akawa mbunge wa Kigoma Mjini toka 1995 mpaka 2005, watu wakapigana ngumi kwa ajili yake, baadaye akahamia CCM. Zitto Kabwe aliingia bungeni 2005 kwa Kigoma Kaskazini kupitia CHADEMA, 2015 akaja mjini na ACT-Wazalendo akachukua jimbo. David Kafulila 2010 alichukua Kigoma Kusini kwa NCCR-Mageuzi, akaenda CHADEMA, akaenda CCM, akawa mkuu wa mkoa wa Simiyu. Moses Machali nae 2010 Kasulu Mjini kwa NCCR hiyo hiyo, baadaye CCM. Baba Levo alikuwa diwani wa ACT-Wazalendo hapa hapa Mwanga, 2025 ameshinda ubunge wa Kigoma Mjini kwa CCM akimshinda Zitto ambaye zamani walikuwa chama kimoja. Na ukitaka ya kitaifa, Edward Lowassa aliondoka CCM Julai 2015, akagombea urais kwa CHADEMA chini ya UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani, Machi 2019 akarudi CCM, na kuna ndugu huku waliokuwa wamenuniana toka ile 2015 kwa sababu yake, kumbe mwenyewe kasharudi nyumbani.

Siwalaumu hao viongozi, kuhama chama ni haki ya mtu, na wengine walikuwa na sababu nzito tu. Ila ujue kwanini huwa wanahama hivyo. Kwa sheria zetu huwezi kugombea udiwani, ubunge wala urais bila kudhaminiwa na chama, mgombea binafsi haruhusiwi. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania hilo miaka na miaka mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki, lakini sheria haijabadilika. Kwahiyo mwanasiasa anayetaka kugombea akikosana na chama chake ni lazima atafute kingine, hana namna. We mpiga kura huna hilo sharti. Hakuna sheria inayokutaka uwe na kadi ndo upige kura, na hakuna sheria inayokutaka umchukie mwenye kadi nyingine ndo kura yako ihesabike.

Sasa angalia daftari lako. Upande wa viongozi wamehamahama karibu wote. Upande wa watu wako wote wapo pale pale, shemeji bado yuko Katubuka, fundi bado yuko Gungu, ila nyinyi hamsalimiani. Chagua jina moja kwenye upande huo, moja tu, wiki hii uanze nalo.

Namna ya kuanza tena na mtu mliyenuniana

Usiende na hotuba ya kusuluhisha. Ukienda ukasema "nimekuja tumalize tofauti zetu za kisiasa" umefungua mjadala upya na saa hiyo hiyo mtaanza kukumbushana nani alisema nini kwenye grupu. Nenda na shida ndogo ya kweli. Muulize bei ya dagaa leo Kibirizi vipi, muombe namba ya fundi wa pikipiki, mtume mtoto apeleke chupa ya mawese. Salamu ya kwanza iwe fupi, "Shikamoo mjomba, habari za nyumbani, mama anaendeleaje mguu," basi. Ukijibiwa kwa mkato usivunjike moyo, umejibiwa. Siku ya pili ongeza sentensi.

Kama we ndo mdogo kwa umri anza we, hata kama unaona umeonewa, huku kwetu mkubwa kuanza kumwamkia mdogo haipo na ukimsubiri utazeeka. Kama we ndo mkubwa basi usimwache mdogo wako amesimama na shikamoo yake hewani kisa alivaa zambarau ya ACT. Itikia. Kuitikia shikamoo hakuongezi kura kwa mtu yeyote.

Na msiba ukitokea, harusi, maulidi, ubarikio, nenda. Hata kama mwenye shughuli alikuwa mpambe wa mgombea uliyemchukia. Ukikosa msiba wa mtu kwa sababu ya chama hiyo hairekebishiki, uchaguzi utakuja mwingine 2030 na yeye atakuwa bado anakumbuka hukuja kuzika.

Waliopiga na waliogoma, acheni kuitana wasaliti

Huu ugomvi ni mpya kwa vijana wengi ila nchi hii ishaupitia, na uliamuliwa hapo jirani zetu Tabora. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano mkuu Tabora, hoja ikiwa waingie au wasiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu. Masharti ya mkoloni yalikuwa ya kudhalilisha, kila mpiga kura lazima ampigie Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na wanachama wengi walitaka kususia kabisa. Mwalimu Nyerere akasimama upande wa kuingia, akawashawishi, ndo ule unaoitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubaliana na mwelekeo ule, akatoka akaanzisha chama chake cha African National Congress. TANU ikaingia na ikashinda.

Mi siitumii hiyo habari kusema wa kuingia ndo wako sahihi siku zote. 1958 ni 1958, mazingira ya 2025 ni mengine na mgomo nao ni msimamo wenye hoja zake, CHADEMA walikuja na No Reforms, No Election, yaani bila mabadiliko hakuna uchaguzi, na watu wakawaelewa. Ninachotaka uone ni kwamba wale wote mle ukumbini Tabora walitaka uhuru ule ule. Walitofautiana njia. Kwahiyo ukikaa na kaka yako ambaye alipiga kura wakati we uligoma, au kinyume chake, kabla hamjarushiana neno usaliti muulizane swali moja, we unataka nini kibadilike hapa mtaani? Muache aongee mpaka amalize usimkatize. Mara nyingi utasikia anataka maji, anataka kituo cha afya kiwe na dawa, anataka vijana wasikamatwe ovyo. Na we unataka hayo hayo. Hapo mna pa kuanzia hata kama hamtakubaliana kura ilipaswa iweje.

Kwa mke na mume wenye vyama tofauti naongea kifupi. Kura ni ya siri, hata kwa mumeo, hata kwa mkeo. Usimuulize kampigia nani, na akikwambia usitumie siku ya ugomvi wa pesa ya matumizi. Na watoto msiwalishe hayo maneno, mtoto wa darasa la pili akienda shule kusema "baba kasema kina fulani wezi wa kura" umempa mzigo ambao hajui hata aushike wapi.

Simu na grupu la familia

Hapa ndo kuna moto mwingi kuliko kijiweni, kwa sababu kijiweni unamwona mtu usoni, kwenye WhatsApp unaona maandishi tu na unayasoma kwa sauti ya hasira yako mwenyewe.

Usijitoe grupu la familia. Najua unataka, ila taarifa za misiba, michango ya hospitali, ada za watoto wa marehemu fulani zote zinapita humo humo, ukijitoa unakuwa umewatoa ndugu. Nyamazisha grupu, weka lisilie, ingia mara moja jioni kuangalia kama kuna jambo la familia. Mwombe admini kwa heshima, inbox, aseme humu ni mambo ya ukoo na anayetaka siasa afungue grupu lingine la hiari. Mtu mzima akisema hivyo wengi wanashukuru kimoyomoyo, walikuwa wanamsubiri mtu aanze.

Bamdogo akituma ile video ndefu na kusema "nyie vijana mnatumiwa", usimjibu kwenye grupu. Mpigie. Kwenye simu mwambie "Bamdogo nimeiona, kuna mahali sikubaliani nawe ila naomba tuongee nikija nyumbani, vipi dawa za bibi zimepatikana?" Utashangaa sauti inavyoshuka. Na voisi noti za usiku acha, kitu ulichorekodi saa tano usiku ukiwa umevimba kitasambazwa saa kumi na mbili asubuhi kwa watu ambao hukuwalenga.

Kusambaza ndo kabisa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inasema kuchapisha taarifa za uongo kwenye mtandao faini yake haipungui milioni tano au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote. Unaweza kuiona sheria hii ni kali mno, na wapo wanaharakati wengi walioikosoa toka imetungwa, lakini ipo. Mbali na sheria, picha ya maiti uliyoforwadi bila kujua ya wapi inaweza ikawa ndo mama yake anaiona kwa mara ya kwanza kwenye simu yako. Kama hujui nani kapiga hiyo picha, wapi, lini, iishie kwako.

Kijiweni

Ujiji kwenye kahawa siasa haiwezi kukatazwa, na sitaki ikatazwe, watu wanaoacha kuongea siasa hadharani wanaanza kuiongea kwa kunong'ona na kunong'ona ndo kunazaa chuki. Ila mtofautishe na Simba na Yanga. Yanga ikikufunga unataniwa wiki nzima, Agosti ligi inaanza upya mna pointi sifuri wote, utani unaisha. Siasa haina hiyo Agosti, aliyeshindwa anakaa miaka mitano na anaamini kakosa na maji, barabara, ajira ya mwanae. Kwahiyo utani wa mpira usiuhamishie huku. Kumwambia mtu "pole mtaisoma namba" wakati ndugu yake aliondolewa kwenye kizimba cha sokoni baada ya kampeni, hapo humtanii unamchoma.

Ukiona mabishano yamefika kwenye ukabila au dini, au mtu kaanza "nyie mliotoka Burundi", simamisha hapo hapo. Huku kwetu mpakani hilo neno limewatesa Waha wengi kwenye ofisi na vizuizi vya barabarani, raia wa kuzaliwa wanaulizwa uraia wao, sisi wenyewe kwa wenyewe kulitumia kwenye ubishi wa uchaguzi ni aibu. Mzee wa kijiwe alimalize, kama hamna mzee basi ondokeni wawili watatu, mbishi akibaki peke yake anatulia.

We ambaye chama chako kimeshinda

Una kazi kubwa kuliko aliyeshindwa. Yeye hana cha kukupa, we ndo una mlango wazi kwa mwenyekiti, kwa diwani, kwa mbunge. Furahi na watu wako, ni haki yako, ila usipite na spika mbele ya nyumba ya aliyeshindwa. Usimnyime mtu barua ya utambulisho, usimruke kwenye orodha ya kaya maskini, usimwambie mama "si mliwapigia wale, wawasaidie". Hayo yanafanyika na yanafanywa na watu wadogo wenye madaraka madogo, na ndo yanajaza vifua kuliko hata matokeo ya urais.

Kama unaona wachache hawastahili kusikilizwa kwa sababu ni wachache, rudi nyuma mpaka 1991. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza watu wanataka chama kimoja au vingi. Karibu asilimia 80 walisema chama kimoja kiendelee, kama asilimia 20 wakataka vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, Mwalimu mwenyewe akaunga mkono, na CCM iliyokuwa na nchi yote mkononi ikakubali, sheria ikabadilishwa 1992, uchaguzi ukafanyika 1995. Yaani hata huo ushindi unaoufurahia wa kushindana na vyama vingine umetokana na wengi kukubali kusikia wachache. Kwahiyo mtafute mmoja wa upande ule, mtu mnayeheshimiana, umuulize tu "nini kimekuuma zaidi?" halafu usijitetee. Sikiliza. Kama kuna lililo ndani ya uwezo wako, la barua, la kizimba cha soko, la kijana aliyeshikiliwa, lishughulikie kimyakimya.

Milango ya hasira ya haki

Sasa we unayeona umeonewa. Hasira yako ina njia zake na zifuate kwa utaratibu.

Mahakamani kwanza. Matokeo ya ubunge yanapingwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 toka kutangazwa, na asiyejua ajue kwamba hata mpiga kura wa kawaida anaweza kufungua, sio lazima awe mgombea. Kigoma tuna rekodi. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa 1994 Kabourou alishindwa, akaenda mahakamani, uchaguzi ukabatilishwa, na moja ya hoja ilikuwa jinsi Radio Tanzania ilivyotangaza kampeni kwa upendeleo. Mwaka uliofuata akagombea tena akashinda. Hiyo kesi wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo na ni ya kwetu. Matokeo ya urais ni habari nyingine, Katiba ibara ya 41(7) imezuia mahakama kuyachunguza yakishatangazwa na Tume. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, kwenye shauri alilofungua wakili Jebra Kambole, kwahiyo anayedai katiba ibadilishwe hapo hadai kitu cha kichaa.

Siku 30 zikishapita mlango huo umefungwa, ila kuna kazi ya maandalizi ambayo watu huwa wanaikumbuka wiki ya mwisho. Mawakala. Fomu za matokeo kituoni zipo za urais, za ubunge na za udiwani, na wakala wa chama anatakiwa apewe nakala yake iliyosainiwa. Ushahidi mwingi wa kesi unaishia hapo, wakala hakuchukua fomu, au aliichukua akaipoteza kwenye begi. Kama chama chako kina tawi, ombeni wakufunzi mapema, chagueni watu wanaojua kusoma vizuri na wasiotishika, na uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2029 ndo mazoezi.

Halafu huku chini, ambako hasira inaweza kufanya kazi kuanzia mwezi huu. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024 hakuna mvuvi aliyeulizwa kadi, wa kijani wa CCM, wa zambarau wa ACT na asiye na chama wote walianika nyavu Katonga na Kibirizi, na wauza dagaa wote wakakosa mzigo. Maamuzi kama hayo na yanayofanana nayo yanapita kwenye vikao, na vikaoni huwa tunaenda wachache, na wanaoenda ni wa upande mmoja kwa sababu upande mwingine umesusa. Usisuse hivyo. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, na sheria inataka ufanyike angalau kila miezi mitatu. Baraza la madiwani likikaa mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024, na kwenye sheria haijaandikwa ya chama gani. Undeni kikundi chenye watu wa vyama tofauti makusudi kabisa, afisa maendeleo ya jamii atapata shida kukiita kikundi cha wapinzani wakati nusu yake wana kadi za kijani.

Ukienda kwenye mkutano nenda na swali moja la pesa, usiende na hotuba. "Mwenyekiti, naomba kusomewa mapato na matumizi ya miezi mitatu iliyopita." Mkubaliane na jirani wa chama kingine aulize swali linalofuata, "na ule mchango wa choo cha shule umefikia wapi?" Swali likitoka pande mbili haliwezi kuzimwa kwa kusema huyu analeta siasa.

Na kama mkutano hauitishwi kabisa andikeni barua, fupi, ukurasa mmoja, kwa mwenyekiti kupitia mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri. Tajeni miezi ambayo mkutano haujafanyika, wekeni majina na sahihi za wakazi wa vyama vyote, msiandike neno lolote la chama mle ndani. Pelekeni mkiwa wawili, mmoja wa kila upande, na msiondoke ofisini mpaka nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.